Boksi la Kiingereza, Ulezi wa Bibi

Ndugu zangu, leo sina siasa. Wanaotaka kujua nani kamjibu nani bungeni wasubiri wiki ijayo. Leo nataka tuzungumze chakula cha asubuhi, na naomba msicheke, maana jambo lenyewe linanikera kuliko mnavyodhani.

Ingia supamaketi yoyote kubwa ya Dar es Salaam, usimame mbele ya rafu ya vyakula vya asubuhi. Utakuta maboksi yana picha ya shamba na mama mmoja mwembamba anatabasamu kameshika bakuli, na mbele yake maneno mawili kwa herufi kubwa: "vegan" na "gluten free". Maneno hayo yakishaandikwa tu, bei inaruka. Sasa hebu tuyatafsiri, maana hatukusoma ili Kiingereza kitutishe dukani. La kwanza maana yake ndani hamna kitu kilichotoka kwa mnyama: hamna maziwa, hamna mayai, hata asali wenyewe hawaitaki kwa sababu ni ya nyuki. La pili maana yake hamna gluteni, ile protini inayofanya donge la unga wa ngano livutike, ambayo inapatikana kwenye ngano, shayiri na rai. Basi, mwisho wa tafsiri.

Sasa mpigie simu bibi yako. Muulize kama anakijua chakula cha asubuhi kisicho na maziwa, kisicho na yai, kisicho na ngano, chenye kushibisha mpaka mchana. Atadhani umeanza kuumwa. "Si uji huo, mjukuu wangu?"

Ndio huo. Ulezi hauna gluteni. Mtama hauna. Uwele, mahindi, mchele, muhogo, hata zile mbegu za mchicha, vyote havina. Hakuna kiwanda kilichoitoa wala mtaalamu aliyeichuja. Haikuwamo tangu mwanzo. Tunauziwa kwa pesa nyingi kukosekana kwa kitu ambacho kwenye chungu cha bibi hakijawahi kuingia!

Najua mtaniambia, wewe ripota acha wivu, mwenye pesa zake ale anachotaka. Ningeacha. Mtu wa Masaki akitaka kununua bati la dhahabu alie ugali, mimi inanihusu nini? Hasira yangu haikuanzia Masaki, imeanzia kwa dada yangu Kimara.

Mpwa wangu, mtoto wake wa pili, alikonda kwa muda mrefu. Tumbo limejaa gesi, kuharisha hakuishi, urefu hauongezeki. Alipewa dawa za minyoo, za amiba, za kila kitu. Mwishowe hospitali moja ya binafsi ikampima vizuri ikasema ni ugonjwa wa seliaki. Kwa wasioujua: mwili wa mtu wa namna hiyo ukikutana na gluteni unajishambulia wenyewe kwenye utumbo mdogo, vile vinyweleo vinavyonyonya chakula vinaharibika, na mtoto anakula lakini hashibi mwilini. Hakuna kidonge chake. Tiba ni kuacha gluteni, maisha yote. (Aliyeligundua hilo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa akishuku ngano tangu miaka ya 1930, na njaa ya vita ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 ilipofanya mkate uadimike nchini kwake, aliona wagonjwa wake wadogo wanapata nafuu. Mkate uliporudi na ugonjwa ukarudi.)

Kwa hiyo jibu likapatikana, na hapo tuwashukuru. Lakini sikilizeni kilichofuata. Dada alikabidhiwa karatasi ya ukurasa mmoja, imechapwa, ya Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, ikiorodhesha vyakula anavyoruhusiwa mtoto. Akaambiwa pia kwamba asubuhi amnunulie zile za boksi zisizo na gluteni, "zinapatikana supamaketi". Dada yangu ni fundi cherehani, ana darasa la saba lake safi, anajua hesabu kuliko mimi. Kiingereza hajui. Akanunua boksi. Wiki ya pili akanunua boksi. Mtoto wa miaka sita boksi la gramu mia tatu na kitu analimaliza siku nne, na kaka zake wakinyemelea ni siku mbili. Mwezi wa pili akauza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo.

Nilipokwenda kumtembelea akanipa ile karatasi, "Hebu we msomi nisomee hii". Nikasoma. Mstari wa nne umeandikwa "millet". Wa tano "sorghum". Chini kidogo "amaranth". Ulezi! Mtama! Mchicha! Nyuma ya mlango wa jikoni kwake kulikuwa na kiroba cha ulezi alichotumiwa na bibi kwa basi kutoka Sumbawanga, kimefungwa kwa kamba, hajakigusa. Kwa nini? Kwa sababu aliambiwa mtoto asipewe nafaka mpaka zile za kwenye karatasi, na ulezi kwenye karatasi hakuuona.

"Ina maana nimeuza cherehani na dawa iko nyuma ya mlango?" aliniuliza. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina.

Simlaumu daktari kwa kujua Kiingereza. Namlaumu kwa kusahau kwamba anaongea na mama wa Kimara. Karatasi ile haikuandikwa kwa ajili ya mtu yeyote wa nchi hii, imechukuliwa mahali ikachapwa. Ingechukua dakika tano kuandika kwa kalamu pembeni: ulezi, mtama, uwele, mchele, mahindi, muhogo, magimbi, viazi. Dakika tano!

Na Kiswahili chenyewe kina mtego wake hapa ambao ilibidi asemeshwe. Sisi tunaita "shayiri" vitu viwili. Ile nafaka inayotengenezewa bia ni shayiri, na ule uji laini wa Wazungu wa kwenye makopo nao tunauita shayiri. Si kitu kimoja. Ya bia ina gluteni. Ile ya makopo yenyewe haina, ila hulimwa na kusagwa pamoja na ngano mara nyingi kiasi kwamba mgonjwa asiiguse mpaka paketi iseme wazi kuwa imepimwa. Kipimo kinachokubalika kimataifa ni gluteni isiyozidi miligramu 20 katika kilo moja ya chakula. Mama akiambiwa "shayiri ni mbaya" na jirani akamwambia "shayiri nampa wangu kila siku", afanyeje?

Mtego mwingine ni kornfleksi. Watu husema hizo ni mahindi matupu, mpe tu mtoto. Geuza boksi usome nyuma kwa maandishi madogo. Nyingi kati ya zile maarufu zimetiwa kimea cha shayiri kwa ajili ya ladha. Mahindi hayana kosa, kosa limewekwa na kiwanda.

Kinachonichekesha ni historia ya hivyo vitu. Kifungua kinywa cha boksi hakikuanza kama biashara ya supamaketi, kilianza kama chakula cha wagonjwa. Kule Battle Creek, jimbo la Michigan nchini Marekani, daktari John Harvey Kellogg alikuwa akiendesha hospitali ya mapumziko ya Waadventista, akiwakataza wagonjwa nyama na kuwatafutia vyakula vya nafaka vilivyo rahisi tumboni. Mwaka 1894 yeye na mdogo wake Will Keith wakapitisha ngano iliyopikwa ikalala kwenye mashine ya kubana, zikatoka chembe bapa. Ngano, sio mahindi. Mahindi yalikuja baadaye. Mdogo mtu akaona biashara, akaanzisha kampuni yake mwaka 1906, akatia sukari ambayo kaka yake hakuitaka, na ndugu hao wakagombana miaka na miaka. Mgonjwa mmoja wa hospitali ile ile, C. W. Post, naye alitoka pale akaenda kufungua kiwanda chake akatajirika. Maana yake ni nini? Wenzetu walichukua uji wao wa wagonjwa wakaupa boksi na jina. Sisi wa kwetu tunauonea haya.

Na tunauonea haya kweli. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya ulezi na uwele. Mwaka huo nilitumwa na mhariri wangu kwenye semina moja hapa mjini, katika hoteli nzuri tu, mada ikiwa kuhamasisha wananchi wale mazao yanayostahimili ukame. Saa nne tukatolewa kwenda chai. Mezani: mikate ya ngano, keki za ngano, sambusa za ngano, na madumu matatu ya kioo yenye kornfleksi za nje, unazungusha kitasa zinamwagika. Uji hamna. Mtoa mada aliyetoka kutuambia tuwe wazalendo wa ulezi nilimwona akizungusha kitasa. Nikaandika habari yangu, na sentensi kuhusu kitasa mhariri akaikata. Nairudisha hapa.

Haya, sasa tuje jikoni, maana nisije nikawa kama wale wa semina.

Uji wa ulezi kila mtu anaujua, lakini wengi wanaupika mwepesi kama maji ya kunawa ili mtoto aweze kuunywa, halafu wanashangaa mtoto hanenepi. Ukiupika mzito wenye chakula cha kutosha, mtoto hawezi kuumeza. Wazee walishalitatua hilo zamani kwa kimea, na mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg walichapisha kazi yao iliyoonyesha kwa vipimo kwamba kimea kidogo tu kinageuza uji mzito kuwa wa kunyweka bila kuuongeza maji. Ufipa wanaotengeneza kimea cha pombe hawakuhitaji kuambiwa, wala Wachaga na mbege yao.

Namna anavyofanya dada sasa ni hivi. Ulezi anaupepeta, halafu anauosha kwa kuuzungusha ndani ya maji na kuumimina pole pole kwenye chombo kingine, mchanga unabaki chini (msiruke hatua hii, ulezi una mchanga jamani). Anauloweka usiku kucha. Asubuhi anamwaga maji, anaufunika kwa kitambaa safi chenye unyevu, ananyunyizia maji kidogo asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu umeshachipua. Anauanika juani juu ya turubai safi mpaka ukauke kabisa, anausugua, unasagwa. Hicho ndicho kimea. Kisha anapika uji mzito kwa unga wa ulezi wa kawaida, anaupoza mpaka uwe wa vuguvugu, anatia kijiko kikubwa cha kimea, anakoroga. Baada ya dakika chache unaachia wenyewe, unakuwa mlaini. Anaurudisha motoni uchemke tena kidogo, kwa ajili ya usafi. Badala ya maziwa anatia tui la nazi, na unga wa ubuyu au ndimu. Hiyo ndimu na ubuyu si mapambo. Vitamini C yake inausaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyo kwenye ulezi. Ulezi una kalisi zaidi ya miligramu 300 katika gramu mia, ingawa mwili hauipati yote, na kuuotesha ni njia mojawapo ya kupunguza kile kinachoizuia.

Ukitumia mtama kufanya kimea badala ya ulezi, yatoe machipukizi yote baada ya kukausha na uupike vizuri. Chipukizi la mtama lina kitu kinachozalisha sumu ya sianidi. La ulezi halina shida hiyo.

Mpwa wangu lakini ni mtoto wa mjini, anataka kitu cha kutafuna kwenye bakuli kama cha kwenye televisheni. Sawa. Bisi za mtama! Sufuria nzito, moto mkali, bila mafuta, vijiko viwili vitatu vya mtama kwa mara moja, funika, tikisa. Zitapasuka ndogo ndogo, na zisizopasuka chekecha uzitoe zisije zikavunja meno. Vikombe vitatu vya bisi, kikombe cha karanga zilizokaangwa na kupondwa, nusu kikombe cha ufuta, mbegu za maboga kiasi hicho hicho, na machicha ya nazi yaliyokaushwa motoni. Tende kumi zilizolowekwa, zitoe kokwa, ziponde na mafuta ya nazi vijiko viwili, changanya vyote kwa mkono. Tandaza kwenye sinia, moto mdogo chini, palia makaa juu ya mfuniko, geuza geuza nusu saa hivi mpaka pakauke. Ikipoa tia kwenye kopo linalofunga. Machicha hayakai, kwa hiyo limalizeni ndani ya wiki. Hamna kitu cha mnyama hapo, hamna gluteni, na sukari ni ya tende tu.

Tatizo kubwa kwa mgonjwa wa seliaki haliko kwenye nafaka, liko mashineni. Mashine ya mtaani inayosaga ulezi wako imetoka kusaga "unga wa lishe" wa mtu mwingine, na siku hizi unga wa lishe unatiwa kila kinachosagika: mahindi, mchele, ngano, soya, karanga, dagaa, eti nafaka kumi na mbili! Nani aliwaambia kwamba ukichanganya kumi na mbili lishe inazidi mara kumi na mbili? Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isisagwe tumboni mpaka ipikwe vizuri. Karanga zikisagwa na unga mafuta yake yanachacha haraka, na karanga moja yenye kuvu inaharibu mfuko mzima. Wenye kuuza vifurushi hivyo bila kuandika kilichomo wanacheza na watoto wa watu. Mtoto wa kawaida ataharisha siku mbili. Mpwa wangu anarudi alikotoka.

Na wale wa upande wa pili, ndugu zangu wa "vya asili havidhuru", nao nina neno lao. Mwaka 2016 watu 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, na kilichowaua ni mahindi ya shambani kwao, ya asili kabisa. Sumukuvu haiishi kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Nafaka au karanga iliyoota kuvu tupa, usimpe hata kuku. Tena ulezi hauponyi kisukari, wala hauna vitamini B12. Anayeacha kabisa nyama, samaki, maziwa na mayai lazima aipate kwingine, kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Mpwa wangu mayai anakula, na samaki anakula. Kifungua kinywa chake ndicho kisicho na mnyama, na ni kwa sababu mazao yenyewe ndivyo yalivyo, wala si kwamba dada amejiunga na chama.

Mtaniuliza muda anaupata wapi mama anayefanya kazi. Swali zuri. Kimea cha mwezi mzima ni kazi ya siku nne ambazo nyingi ni za kusubiri, na bisi ni saa moja ya Jumapili. Nimepiga hesabu kwa bei za soko la Tandale: pesa ya boksi moja alilokuwa akinunua inapata kilo nne za ulezi na chenji ya ndimu. Kilo nne kwa mtoto mmoja ni zaidi ya mwezi. Cherehani haijarudi bado, ila anaiwekea.

Mashineni tumefanya hivi. Kwa mwezi wa kwanza alisaga kwa blenda na kuchekecha kwa chekeche jipya ambalo halijawahi kuona unga wa ngano, kazi ya kuchosha mikono. Halafu tukampata mwenye mashine mmoja asiyepokea ngano kabisa, anasaga mahindi na mpunga tu. Dada anakwenda na ulezi wake mapema, kilo moja ya mwanzo inayosafisha mashine anamwachia kijana wa pale kwa kuku zake, ndiyo anasagiwa ya mtoto. Mwenye mashine ameshaomba aandikiwe kwenye kibao cha mlangoni kwamba hapa hatusagi ngano. Nimemwandikia, kwa Kiswahili.